Mbu wa Namawala na Binti Aliyeikimbia Hesabu

Mzazi mmoja, mfanyakazi wa kiwandani mjini Morogoro, ameniletea barua ya kurasa tatu iliyoandikwa kwa mwandiko safi. Binti yake amemaliza kidato cha nne. Biolojia amefaulu vizuri na Kiswahili vizuri zaidi, lakini hisabati imemwangusha, kama ilivyowaangusha wenzake wengi, maana kwa miaka mingi somo hilo limekuwa miongoni mwa yale yanayoongoza kwa kuangusha watahiniwa nchini. Binti anatamani uuguzi. Mapenzi yake kwa kazi hiyo, anasema baba, yalianza kwa kumpeleka kliniki mdogo wake wa mwisho, kazi ambayo mama amemwachia kila mwezi. Baba, ambaye ameona machozi ya kutosha nyumbani mwake, anauliza swali moja tu: ni kazi gani ya heshima ambayo mtoto wake anaweza kuifanya bila kukutana tena na hesabu?

Nimeisoma barua hiyo, nikaiweka mezani, nikaisoma tena. Jibu fupi, mzee wangu, ni kwamba kazi hiyo haipo. Lakini jibu hilo lingekuwa la kikatili, tena lingekuwa nusu ya ukweli. Hesabu anayoikimbia binti huyu na hesabu inayomngoja wodini si kitu kimoja. Ile ya shuleni ilimtaka atafute x. Hii ya wodini itamtaka aitazame namba iliyokwisha kuandikwa na aihoji: imetoka wapi, imehesabu nini, imemwacha nani nje, na yaweza kukosea kwa kiasi gani. Huko ndiko kuijua takwimu. Mtu anaweza kuwa mzito wa aljebra na akawa hodari wa jambo hili; nimewaona. Nimewaona pia wenye shahada zao wasioliweza hata kidogo.

Ili tuelewane, naomba twende Namawala.

Namawala ni kijiji cha Bonde la Kilombero, magharibi ya Ifakara, mkoani humo humo Morogoro anakoishi mzee wetu. Ni nchi ya mpunga. Masika yanapokolea mto hufurika, na sehemu kubwa ya bonde hugeuka kuwa bahari ya majani na maji. Wakulima huhamia mashambani pamoja na jamaa zao, wakalala vibandani, wapate kuulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Mahali penye maji ya namna hiyo mbu hahitaji mwaliko.

Ifakara kulikuwa na maabara ya Waswisi tangu miaka ya 1950, ambayo kwa hatua mbalimbali ilikuja kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo, chini ya uongozi wa Watanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa hapo walifanya Namawala kazi ambayo mpita njia angeicheka: walihesabu mbu. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakatundika mtego wenye taa ndogo na feni karibu na kitanda cha mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mbu alimfuata mtu, chandarua kikamzuia, akazungukazunguka hapo hadi feni ikamvuta mfukoni. Asubuhi mfuko ulifunguliwa, mbu wakatengwa kwa aina zao, wakahesabiwa, kisha wakapimwa ili ijulikane ni wangapi kati yao waliobeba vimelea vya malaria vilivyo tayari kumwingia binadamu.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kusema. Tuchukue mfano mwepesi. Ikiwa mtu angeng'atwa na mbu 100 kwa usiku mmoja, na katika kila mbu 100 ni mmoja tu mwenye vimelea, mtu huyo angeng'atwa na mbu wa hatari mara moja kila usiku, yaani mara 365 kwa mwaka. Mkazi wa Namawala hakuwa mbali na mfano huu. Makisio ya watafiti yalizidi mara 300 kwa mwaka. Ajabu ni kwamba mtu akisikia "mbu mmoja tu katika mia ana vimelea" anapumua, lakini akisikia "mara 300 kwa mwaka" anashtuka, ingawa sentensi hizo mbili zinaweza kuwa zinasimulia kijiji kile kile.

Matokeo mengine ya utafiti huo, yaliyochapishwa mwaka 1993, yanamhusu binti yetu moja kwa moja. Wingi wa mbu ulipanda na kushuka kufuata msimu, kama kila mkulima ajuavyo. Lakini idadi ya watu waliokutwa na vimelea katika damu haikupanda na kushuka pamoja nao. Ni sawa na ndoo iliyokwisha kujaa: mvua ikizidi au ikipungua, kimo cha maji ni kile kile. Watoto wengi walikuwa na vimelea damuni mwaka mzima, hata wale waliokuwa wakicheza uwanjani bila homa yoyote.

Sasa mweke muuguzi katika zahanati ya kijiji cha namna hiyo. Mama amemleta mtoto mwenye homa. Damu imetazamwa kwa hadubini, na vimelea vimeonekana. Je, homa hii ni ya malaria? Muuguzi asiyejua takwimu atasema ndiyo, atatoa dawa, atamwita mgonjwa mwingine. Muuguzi anayejua atakumbuka kwamba katika kijiji hiki vimelea vingeonekana hata kama mtoto angeletwa kwa kidonda cha mguu. Dawa ya malaria atampa, maana hana ruhusa ya kubahatisha na uhai wa mtoto. Lakini hataishia hapo. Atamfunua kifua na kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, kwa kuwa mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye kikohozi, anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika, anashukiwa kuwa na nimonia, na nimonia haiponi kwa dawa ya malaria. Mwaka 1994 watafiti waliotumia taarifa za Kilombero walieleza njia ya kukadiria ni sehemu gani ya homa za watoto inasababishwa kweli na malaria, kwa kulinganisha wingi wa vimelea kwa wenye homa na wasio na homa. Njia ile ni ya mabingwa. Wazo lililo ndani yake ni la kila mtu mwenye koti jeupe: kitu kilichoenea kwa wote hakiwezi peke yake kuwa ushahidi dhidi ya mmoja.

Bado sijaondoka Namawala. Wale waliohesabu mbu waligundua kwamba nyumba na nyumba zilitofautiana sana. Wastani wa kijiji ulikuwa kama kofia moja waliyovikwa watu wote. Mwaka 1995 ilichapishwa kazi iliyochora ramani ya wingi wa mbu ndani ya kijiji hicho kimoja, na miongoni mwa walioiandika alikuwa David Spiegelhalter wa Uingereza, ambaye leo ni mmoja wa wanatakwimu wanaojulikana zaidi duniani kwa kuwafundisha watu wa kawaida jinsi ya kusoma namba. Hivyo kijiji cha mpunga cha Kilombero kimo katika historia ya elimu hii. Sina hakika kama shule zetu za Morogoro zinalisimulia jambo hilo kwa wanafunzi wanaolalamika kwamba takwimu ni somo la Wazungu.

Kabla sijaendelea kuwanyooshea kidole wauguzi, naona haki nijinyooshee mwenyewe. Nilipokuwa mwandishi mchanga, stashahada yangu ya uandishi wa habari bado inanukia wino, nilipita katika zahanati moja nikaonyeshwa daftari. Mwezi uliotangulia wagonjwa wa homa ya matumbo walikuwa watatu. Mwezi ule walikuwa sita. Nilirudi mbio na kuandika kwamba homa ya matumbo "imeongezeka maradufu" mtaani, na gazeti nililokuwa nikiliandikia wakati huo likaipa habari hiyo nafasi nzuri. Sikusema uongo. Sita ni maradufu ya tatu.

Siku nne baadaye alikuja mama mmoja anayeuza chakula karibu na kituo cha mabasi cha mtaa ule. Wateja walikuwa wamemkimbia. Sufuria ya maharage ilikuwa imemwagwa siku tatu mfululizo. Hakunigombeza. Aliketi, akaliweka gazeti mezani na kuniuliza, "Mwanangu, hao sita ni katika watu wangapi?" Sikuwa na jibu. Akauliza tena, "Na mwezi ule mwingine, walikuwa wanapima?" Nilirudi zahanati. Mwezi ule mwingine vifaa vya kupimia vilikuwa vimekwisha katikati ya mwezi, na wagonjwa wa nusu ya pili hawakupimwa kabisa. Kilichoongezeka, kwa kadiri nilivyoweza kujua, kilikuwa vipimo. Masahihisho yalitoka katika ukurasa wa ndani, mistari miwili, mahali ambapo hata mimi niliyapata kwa kuyatafuta. Mama yule hakupata kurudishiwa maharage yake.

Mama huyo, nijuavyo, hakusoma takwimu mahali popote. Lakini aliuliza maswali mawili ambayo chuo kilinifundisha kwa majina makubwa nami nikayaacha chuoni. Ndiyo maana nasema kwamba jambo hili si la mabingwa peke yao, na ndiyo maana naona haya kila nisomapo kichwa cha habari chenye neno "maradufu".

Jirani ya Namawala kipo kijiji cha Idete. Wazazi wa huko walipata kuwa na matumaini makubwa kuliko wazazi wengi wa Afrika. Mwaka 1993 watoto wao waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano walikamilisha sindano zao. Baadhi walipata chanjo na wengine sindano isiyo na chanjo hiyo, wala mama wala mganga hakujua nani amepata ipi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: chanjo ilikuwa imepunguza malaria kwa asilimia 31. Kwa bonde ambalo wakati ule mtu aliweza kung'atwa na mbu wa hatari karibu kila usiku, theluthi haikuwa kitu kidogo. Mzazi gani hangefurahi?

Pamoja na namba 31 yaliandikwa maneno mengine ambayo wengi hawakuyasoma. Yalisema kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na asilimia 52. Naomba msomaji avumilie hapa, maana ndipo penye kiini cha mambo yote ya leo. Chukua watoto mia sita wasiopewa kitu chochote, wagawe makundi mawili kwa kura, kisha subiri mwaka mmoja. Kundi moja litaugua zaidi ya jingine kwa bahati tu, kama vile shilingi ikirushwa mara kumi haileti kichwa mara tano kila safari. Kwa hiyo mtu anayepima chanjo hana budi kuuliza: tofauti niliyoiona ni ya dawa au ni ya bahati? Mipaka ile ya 0 na 52 ilikuwa ndiyo jibu la uaminifu la watafiti wenyewe: tumeona dalili njema, lakini tunagusa mpaka wa kutokuona kitu.

Majaribio yaliyofuata yalikuwa mazito. Gambia mwaka 1995, Thailand mwaka 1996, na tena kwa watoto wachanga wa Kilombero, matokeo yakachapishwa mwaka 1999: kinga haikuonekana. Chanjo ile ikaachwa. Wapo waliosema Wazungu wameificha, na wapo waliosema watoto wa Idete walichezewa. Mtu aliyeisoma mipaka ile mwaka 1994 hakuwa na sababu ya kushangilia mno siku ile, wala ya kuhisi amesalitiwa baadaye.

Sasa tazama namba nyingine. Kuanzia mwaka 2009 chanjo iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Kwetu ilikuwa Korogwe na Bagamoyo, na kituo cha Bagamoyo ni cha Taasisi ile ile ya Ifakara. Watoto wote walikuwa 15,459. Kati yao 8,922 waliingia katika majaribio wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, na kwa wale waliopata sindano nne kinga ilikuwa asilimia 36.3. Msomaji wa haraka atasema: 31 na 36, tofauti iko wapi? Tofauti iko katika mipaka. Safari hii ilikuwa kati ya 31.8 na 40.5. Namba ya kwanza ilikuwa kama nyumba juu ya mchanga wa mto, ya pili imesimama juu ya mwamba, na mwamba wenyewe ni wingi wa watoto waliohesabiwa. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Miaka miwili baadaye likapendekeza na ya pili, R21, ambayo nayo Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa mahali ilikojaribiwa.

Binti yetu, akiwa muuguzi, ataulizwa na akina mama, "Dada, chanjo hii inafanya kazi?" Akijibu "ndiyo" pekee, mama ambaye mtoto wake ataugua baada ya chanjo atamwona mwongo, na mama huyo atawasimulia wenzake kisimani. Akijibu kwamba inaondoa kama theluthi moja ya malaria, si yote, na kwa hiyo chandarua kibaki pale pale, atakuwa amesema kweli inayodumu.

Nimetaja chandarua, basi nisimame hapo kidogo. Mwezi Septemba 1996 ilianza katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga kazi ya kuandikisha kila kaya. Wadadisi walirudi mlangoni kila baada ya miezi minne na kuuliza maswali yale yale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama. Kwa wazee wanaokumbuka mabalozi wa nyumba kumi, jambo hilo halikuwa geni sana. Lakini kwa nini kuhangaika hivyo, na hospitali ina madaftari yake? Kwa sababu mtoto anayefia nyumbani, au katika kibanda cha shambani kilichozungukwa na maji, hayumo katika daftari la hospitali. Daftari la hospitali linawajua waliofika.

Katika miaka hiyo hiyo ulikuwapo mpango wa kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya hizo mbili. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne chandarua chenye dawa kiliambatana na kinga ya asilimia 27 dhidi ya kifo, na mipaka yake ikaandikwa wazi: kati ya 3 na 45. Katika wilaya nzima, hata hivyo, hadi mwaka 1999 watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wakilala ndani ya chandarua hicho walikuwa asilimia 18 tu. Hapa msomaji na achukue kalamu. Asilimia 27 ya asilimia 18 ni karibu asilimia 5. Yaani kwa wakati ule vyandarua vilikuwa vinazuia kifo kimoja katika kila vifo 20 vya watoto. Hesabu hii ni ya darasa la saba. Lakini diwani aliyeielewa angejua mara moja kwamba kikwazo hakikuwa ubora wa chandarua. Kilikuwa ile 18.

Miaka michache baadaye Honorati Masanja wa Ifakara na wenzake waliandika kuhusu nchi nzima. Utafiti wa kaya wa mwaka 1999 ulikuwa umeonyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Ule wa mwaka 2004 ulionyesha 112. Unaweza kusema vifo vimepungua kwa asilimia 24. Unaweza kusema watoto 35 zaidi katika kila 1,000 wanabaki hai. Zote ni kweli. Mimi napenda ile ya pili, kwa kuwa 35 ni darasa zima la watoto ninaoweza kuwaona kwa macho, na kwa kuwa asilimia bila chanzo chake ni kama bei bila kipimo. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta vifo hivyo vimeshuka hadi 43.

Nimekaa mno hospitalini, na msomaji asiye na mtoto wa kusomea uuguzi ameanza kupiga miayo. Basi tuteremke Kidatu, kwenye miwa. Mkulima mdogo wa bonde hili halipwi kwa uzito wa miwa pekee. Hulipwa pia kwa kiwango cha sukari kilichomo, na kiwango hicho hupatikana kwa kupima sampuli, maana hakuna awezaye kupima kila muwa. Ugomvi juu ya vipimo hivyo ni wa siku nyingi. Katibu wa chama cha wakulima asiyejua takwimu atapiga kelele kwamba "tunaibiwa". Anayejua atauliza sampuli imechotwa sehemu gani ya shehena, mara ngapi, na muwa umekaa siku ngapi tangu ukatwe, kwa kuwa muwa uliolala hupoteza sukari. Huyu wa pili anaweza naye kugundua kwamba anaibiwa, ila sasa atakuwa na la kusema mbele ya meza.

Bwana shamba naye, anayetakiwa kukadiria mavuno ya mpunga wa kijiji, asipime lile shamba lililo kando ya barabara kwa kuwa pikipiki yake inafika. Mashamba ya kando ya barabara yana wenyewe, na mara nyingi wenyewe hao si maskini kuliko wote. Apige kura, hata kama kura itampeleka kwenye tope la magoti.

Wapo vijana ambao takwimu inaweza kuwa kazi yao kamili. Dar es Salaam, pale Changanyikeni, kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, na Chuo Kikuu nacho kinafundisha fani hiyo. Sensa ya mwaka 2022, iliyotuhesabu watu 61,741,120, ilihitaji makarani wengi mno waliotembea na vishikwambi. Lakini barua niliyonayo si ya kijana wa namna hiyo, nami sitaki kumsukuma mahali asipopataka.

Kwa hiyo, mzee wangu, ninalo ombi moja. Asubiri kwanza kurudia mtihani, na asinunuliwe kitabu kingine cha hisabati wiki hii. Mpe kadi ya kliniki ya yule mdogo wake. Ndani yake mna mchoro wa ukuaji wenye mistari iliyopinda. Mistari ya namna hiyo haikuchorwa kwa kubuni: vipimo vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vilitokana na watoto kama 8,500 waliopimwa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto waliolelewa vizuri na kunyonyeshwa. Mstari wa kati maana yake nusu ya watoto wenye afya wako juu yake na nusu wako chini yake. Nimemwona mama akilia kliniki kwa kuwa mwanawe yuko chini kidogo ya mstari huo, na hakuna aliyemwambia kwamba nusu ya watoto wazima wa dunia wako hapo pamoja naye. Mstari wa chini ndio wa kuogopwa, kwa sababu katika watoto mia wenye afya ni kama wawili tu wanaoangukia chini yake. Na zaidi ya mahali nukta ilipo leo, muuguzi mwema hutazama nukta zilikotoka: mtoto mdogo anayefuata mstari wake mwezi baada ya mwezi hana neno, lakini mnene aliyeanza kuteremka ana jambo.

Binti aunganishe nukta za mdogo wake zote tangu alipozaliwa, kwa penseli, bila rula. Akutane na ule mwezi ambao mstari ulilala au uliteremka, maana karibu kila kadi inao, kisha amuulize mama yake ni nini kilitokea nyumbani mwezi huo. Jibu la mama aliandike pembeni kwa Kiswahili kile alichofaulu vizuri, na kama mzee ataridhia, aniletee nakala kwa anwani ya gazeti hili.